Sakafu Nyekundu

Mchana ule tulikuwa sebuleni watu watano. Alikuwepo mzee wangu, baba wa watoto wangu wote, na mambo haya yalikuwa yake. Alikuwepo dada yake anayemfuata kuzaliwa, wifi yangu, aliyeteremka asubuhi na basi kutoka Mbulu akiwa na jogoo kwenye kikapu. Alikuwepo kijana wetu wa kwanza, aliyekuja na gari kutoka Arusha ili amchukue baba yake. Alikuwepo binti yetu wa mwisho, anayefanya kazi ofisini hapa mjini Babati na kuishi na sisi huku Nangara. Wa tano ni mimi. Majina yao ninayo yote, na ya waliopita mlangoni siku hiyo ninayo, hata la fundi ambaye nitamtaja mbele, na la mkewe. Lakini binti yangu ameniambia, "Mama, andika mambo, majina yaache. Wenyewe tupo na tunasoma." Basi nimeyaacha.

Ya mchana ule nitayafikia. Kwanza niieleze nyumba, maana bila nyumba hayaeleweki.

Nyumba yetu mzee aliijenga kwa mikono yake, kwa matofali aliyofyatua na kuyachoma kule shambani Mutuka, akayasomba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Kila Jumamosi niliipaka nta, halafu nikapiga magoti nikaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka ukiinama unaona uso wako. Ukuta chini ulikuwa kijani, rangi ya mafuta, ili watoto wakiushika na mikono ya uji tufute yaishe. Juu ulikuwa krimu. Dari hatukuwa nalo. Ukiinua macho unaona mbao na bati, na buibui wawili watatu ambao mzee hakutaka waguswe kwa sababu wanakula mbu.

Kiti chake kilikuwa cha mbao, chenye mikono, kilichongwa na seremala wa Sigino. Mgongoni nilikivisha kitambaa nilichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya njano. Kiti kilikaa pembeni kikiutazama mlango, na mlango mchana haukufungwa. Kutoka hapo mzee aliliona geti na njia, na ng'ombe wa jirani aliyekuwa na tabia ya kukata kamba. Watoto wa shule wakipita wanasema, "Shikamoo babu," naye anajibu, "Marahaba, mguu wa mama yako umepona?" Alijua mguu wa kila mtu. Mvua ikianza kugonga bati anainua kidole tunyamaze. Anasikiliza. Kisha anasema, "Hii ya kulaza vumbi tu," au anasema, "Hii mbaazi zimekunywa." Hakukosea mara nyingi.

Basi mwaka juzi akapigwa na kiharusi. Kilimkamata mkono na mguu wa kushoto, na ulimi kidogo. Alitibiwa Arusha, na alipotoka hospitali tukakaa kwa kijana wetu mkubwa ili awe anapelekwa mazoezi. Mimi nilikuwa naye. Huku nyumbani akabaki binti yetu peke yake.

Binti yangu anampenda baba yake kupita kiasi. Ndiye aliyepanda mgongoni mwake mpaka akawa mkubwa wa kuchekwa. Kwenye simu yake huwa anaangalia watu wanaopamba nyumba, na huko alijifunza kwamba nyumba safi yenye rangi tulivu inampa mgonjwa nafuu. Sisemi ni uongo. Nami nimewahi kulala kwenye chumba chenye masizi nikaamka na kichwa kizito. Akaamua baba akirudi asikute nyumba ya zamani. Akaita mafundi bila kutuambia, maana alitaka tushangae.

Tulishangaa. Nilipoingia niliweka mkono ukutani nikaupapasa kama shavu la mtoto mchanga. Ukuta ulikuwa rangi ya majivu, laini, kutoka chini mpaka juu. Sakafu ilikuwa marumaru nyeupe zinazong'aa. Juu palikuwa na dari la jipsamu lenye taa zimejificha ndani. Mapazia mazito mawili mawili, makochi makubwa, na televisheni kwenye ukuta. Kulikuwa na bafu ndani ya nyumba, lenye vyuma vya kushikilia mgonjwa asianguke. Humo bafuni nilikaa muda mrefu, nafungua maji na kuyafunga, mpaka binti yangu akagonga. "Mama, uko salama?" Nikamwambia niko salama, mniache kidogo.

Mzee alisimama mlangoni. Aliangalia ile sakafu nyeupe, akaiangalia sana, kisha akaanza kuinama na ule mkono wake mzima ili avue viatu.

"Baba, usivue, pita tu," binti akasema.

"Hapana, mama. Kwa watu pasafi namna hii?"

Tukacheka wote. Tulijua ni utani wake umerudi, tukafurahi. Akavua, akaingia na soksi, akikanyaga kama anayevuka mto asiojua kina chake. Akakaa kwenye kochi, pembeni kabisa, kofia mapajani. Akaletewa maji, akashukuru. Akaletewa chai, akashukuru. Ikaja sahani ya chakula, akasema, "Asanteni sana, nimeshiba."

Na hivyo ndivyo ilivyoendelea. Kila siku asubuhi anavaa shati, anakaa pembeni ya kochi, kofia mapajani, anashukuru. Chakula kikija ameshiba. Jioni nilimlisha chumbani kwa kijiko, akala kidogo akiangalia mlango, kama mtu anayekula kwa kujificha. Mashati yakaanza kumvaa yeye badala ya yeye kuyavaa. Makochi yalitazama televisheni, na mlango ulikuwa nyuma yake. Watoto wakipita, "Shikamoo babu," sauti inampiga kisogoni, na shingo ilikuwa haigeuki vizuri. Wakasalimia siku za mwanzo, halafu wakaacha. Mapazia tuliyafunga ili jua lisichujue rangi ya makochi. Saa sita mchana aliniuliza kama kumekucha.

Neno alilokuwa analirudia ni moja. "Mama watoto, turudi nyumbani. Hawa watu tumewachosha."

Mimi nilidhani anasema Mbulu, alikozaliwa. Wazee wakiumwa wanakumbuka walikozaliwa. Binti akadhani ni ugonjwa umepanda kichwani. Alijitahidi, maskini. Akaleta maua ya kuweka mezani, akabadilisha taa zikawa za njano, akamwekea kwaya kwenye televisheni. Baba yake akasema, "Asante, mama, msijisumbue." Tulimpeleka kliniki, daktari akapima akasema presha nzuri, mguu unaendelea vizuri, labda ana mawazo, mzungumzisheni.

Kijana mkubwa akapiga simu. "Mama, kwangu alikuwa anakula. Huko hali. Jumamosi nakuja kumchukua."

Ilikuwa kweli, Arusha alikuwa anakula. Lakini usingizi uliniishia. Nilijua mzee wangu akitoka tena kwenye nyumba hii, kwa umri ule na mwili ule, atarudi siku ya kuzikwa. Nami nilitaka aishi, tena aishi kwenye nyumba aliyoijenga.

Nikampigia wifi yangu nikamwambia, njoo umuage kaka yako.

Wifi aliingia Jumamosi hiyo na jogoo wake, akasimama katikati ya sebule, akageuka kila upande. "Wifi," akasema, "hapa ni kwako au ni benki? Nioneshe pa kuchukulia namba nipange foleni."

"Shangazi, shikamoo," binti yangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Na hii rangi nani kachagua? Nina punda ana rangi hii hii."

"Ndiyo rangi ya kisasa, shangazi."

"Sawa. Basi punda wangu ni wa kisasa na mimi sikujua, nampiga tu fimbo."

Hata binti alicheka. Mzee naye midomo ilitaka kucheka, akajizuia, akaishika kofia yake.

Jogoo akachinjwa. Wifi akakataa chakula kupakuliwa kwenye sahani za mmoja mmoja, akasema yeye na kaka yake hawajawahi kula kwa kutenganishwa. Basi ugali ukaja kwenye sinia moja, kuku bakuli lake, mlenda bakuli lake. Tukanawa. Tukakaa.

Hapa niseme desturi, kwa asiyeijua. Katika boma nililoolewa, kule milimani Mbulu, mgeni hanyooshi mkono kwenye chakula kabla mwenye nyumba hajamega. Akikaribishwa anasema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka jirani anasikia. Mwenye nyumba anamega, anakula tonge lake, anasema karibuni, ndipo mgeni anasogea. Watoto wetu wamekulia hapa mjini, kila mtu na sahani yake na saa yake ya kula, hayo hawayajui. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeyazoea mpaka siyaoni.

Kijana mkubwa alikuwa anaangalia saa, alitaka wasafiri kabla ya jioni. "Shangazi, kula basi."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Baba, kula."

"Asante, nimeshiba."

Ugali ukakaa. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha. Wifi akamwangalia kaka yake, akaniangalia mimi, akamwangalia tena kaka yake.

"Kaka, mega basi. Mimi nimetoka kwangu alfajiri, njaa imenishika."

"Mega wewe."

"Nimege mimi, nyumba yangu hii? Namsubiri mwenye nyumba."

"Na mimi namsubiri yeye," mzee akasema.

"Unamsubiri nani?"

"Mwenye nyumba. Tangu tufike hajatoka." Alisema polepole, kwa ule ulimi wake mzito, akiinamisha sauti wenyeji wasimsikie. "Ni watu wema sana, dada. Wanatutunza. Lakini mwenyewe sijamwona."

Binti yangu alikuwa ameshika jagi la maji, akalishusha chini. Kijana mkubwa akapiga magoti mbele ya baba yake, mtu mzima yule na kitambi chake.

"Baba, mwenye nyumba ni wewe. Hapa ni Nangara. Hii ni nyumba yako."

Mzee aliangalia chini, kwenye zile marumaru. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomkatalia mtu bila kutaka kumuudhi.

"Yangu ina sakafu nyekundu," akasema.

Ndipo nilipoona yote kwa pamoja. Nikaona viatu vilivyovuliwa mlangoni, kofia mapajani, asante zile zisizoisha. Nikajua kwa nini Arusha alikula: kule kijana wetu ndiye mwenye nyumba, anamega wa kwanza, anasema baba karibu, naye anakula, kwa sababu ni mgeni kweli. Huku wote tulikuwa tunamngoja yeye ale, naye alikuwa anamngoja mwenye nyumba. Mzee wangu hakukosa hamu ya kula. Alikuwa na adabu, na njaa.

Sikungoja fundi wala kikao. Nilitoka nikaenda banda la kuku. Kile kiti cha Sigino kilikuwa humo, kuku ametaga juu yake na ameanza kulalia. Nikamhamisha na mayai yake kwenye beseni, akanidonoa, nikamwambia uniwie radhi, mwenyewe anakihitaji. Nikakipangusa kiti kwa upande wa kanga yangu. Niliporudi kijana mkubwa alikuwa ameshaelewa, anasukuma kochi. Tukakiweka kiti pembeni, pale pale, kikiutazama mlango. Binti akafungua mapazia yote kwa mkupuo mmoja, na mlango akauacha wazi.

Bado sakafu. Sakafu nyeupe ile ningefanya nini? Nikakumbuka kile kipande cha blanketi nilichokuwa nasugulia. Sikuwa nimekitupa, kilikuwa nyuma ya pipa la mahindi, kimekuwa chekundu chote kwa miaka ile ya rangi na nta, kigumu kama ngozi. Nikakitandika mbele ya kiti. Tukamshika mzee, mimi huku na wifi huku, tukamkalisha. Akaweka miguu juu ya blanketi.

Akaliangalia geti. Akaangalia njia. Kisha pua yake ikafanya hivi, kama anayenusa.

"Leo ni Jumamosi?" akaniuliza.

"Jumamosi."

"Umepaka nta."

"Nimepaka," nikasema. Na ulikuwa uongo wa nusu tu.

Akainua kofia kutoka mapajani, akaangalia ukutani ulipokuwa msumari wake wa kuitundikia. Msumari haukuwepo. Binti yangu akasimama haraka akaipokea kwa mikono miwili. Mzee akanyoosha mkono wa kulia kwenye sinia, akamega, akachovya mlenda, akala. Akatafuna bila haraka, sote tukimwangalia kama tunaangalia mpira. Akameza.

"Karibuni," akasema. "Dada, mbona unakiangalia chakula? Kwenu hamli ugali?"

Wifi alimega tonge kubwa kuliko adabu. "Kaka, nilidhani nitakufa leo nimeshikilia heshima yako."

Ugali ulikuwa wa baridi kabisa. Hakuna kilichobaki.

Kijana mkubwa aliondoka siku hiyo peke yake, na gunia la mbaazi kwenye kile kiti cha gari alichomtayarishia baba yake. Jikoni nilimkuta binti yangu anaosha vyombo na machozi yanaingia kwenye povu.

"Nimemfukuza baba kwenye nyumba yake," akasema.

"Hukumfukuza. Nani anaoga bila kuanguka kwa sababu yako?"

"Lakini mama, nilitaka apone."

"Na atapona. Ulichofanya ni kuhamisha vitu vyote kwa pamoja. Ungemwachia hata msumari."

Tukakubaliana pale pale, mikono ikiwa majini. Bafu linabaki, hilo ningelipigania. Marumaru za jikoni zinabaki, nazipenda, zinafutika. Taa zinabaki, na televisheni inabaki upande wake. Ukuta ukarudishiwa kijani chini, na juu ukaachwa rangi ya punda kwa heshima ya binti. Picha ya Moyo Mtakatifu na ile ya harusi yetu zikarudi. Msumari ukarudi. Sebuleni tulitandika zulia jekundu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na siku hiyo mzee aliingia na viatu vyake miguuni, vyenye tope, na mimi sikumwambia kitu.

Lililobaki ni dari. Mvua ya kwanza ilipokuja, mzee aliona maji yanatiririka dirishani lakini hakusikia kitu. Aliinua kidole, akangoja, akakishusha. Kesho yake nikamwita fundi.

"Bibi, panavuja wapi?" akauliza, ameshapanda ngazi.

"Hapavuji."

"Panya?"

"Hakuna panya."

"Sasa natoboa kwa sababu gani, bibi yangu? Dari zima hili."

"Mzee asikie mvua."

Fundi alimgeukia binti yangu ili aone kama bibi ni mzima. Binti akakunja mikono. "Toboa," akasema. "Hapo juu ya kiti, tundu pana kama meza." Akatoboa, akaweka na fremu nzuri ya mbao, mpaka wageni wanadhani ni mtindo. Mmoja ameshauliza fundi ni nani, naye anataka la kwake.

Naandika haya mzee akiwa kwenye kiti chake. Mashati yanamtosha. Watoto wameanza tena kusalimia, na anauliza miguu ya mama zao. Juzi nilimuuliza, zile siku ulikuwa unafikiri uko kwa nani? Akafikiri. "Geti nililijua," akasema. "Wewe nilikujua. Nyumba ndiyo sikuijua." Akaangalia juu, kwenye lile tundu lake, maana matone yalikuwa yameanza.

Sasa, huenda kuna nilipokosea. Binti yangu anasema ule ukuta wa zamani ulikuwa bluu chini, wala si kijani, na kwamba nimeupaka kijani bure. Wifi anasema hakuleta jogoo, alileta tetea, na kwamba asingewahi kuchinja jogoo wake kwa ajili ya watu wenye benki. Mzee anasema yeye hakuwahi kuvua viatu kwake. Kama ulikuwepo, au ulipita njiani ukaona, na unakumbuka vingine, usinyamaze. Njoo unisahihishe. Njoo saa ya chakula, mlango uko wazi, na mwenye nyumba yupo, atamega kwanza. Ila ukikaribishwa, tafadhali, usituambie umeshiba.